Shibiri Moja ya Ardhi



Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Ndugu zangu katika imani, wengi wetu tunaosoma hapa Arua tunatoka katika makabila yaliyopitiwa na mpaka katikati. Mimi ni Mkakwa wa Koboko. Nina shangazi upande wa Yei, Sudan Kusini, na wajomba upande wa Kongo. Sisi Wakakwa hujiita Saliya Musala, yaani mafiga matatu ya chungu, kwa kuwa tumo katika nchi tatu na bado ni watu wamoja. Walugbara nao wako Arua, na wako ng'ambo, Aru ya Kongo. Basi nikizungumzia leo ugomvi wa ardhi, sizungumzii habari za watu wa mbali.

Tukumbushane kwanza tulifikaje hapa. Mwaka 1894 Waingereza walimkodishia Mfalme Leopold wa Ubelgiji eneo lililoitwa Lado, na West Nile yetu ilikuwa ndani yake. Leopold alifariki mwaka 1909, na mwaka uliofuata eneo hilo likarudi chini ya Sudan. Mwaka 1914 sehemu yake ya kusini ikaingizwa Uganda. Katika miaka ishirini babu zetu walihesabiwa kuwa raia wa serikali tatu, na hawakuhama nyumba zao.

Mpaka wa mwaka 1914, kwa upande wetu wa Koboko, ulifuata mto Kaya. Lakini mbele zaidi, kuelekea Moyo, maelezo yake yalisema mstari ufuate mwisho wa kusini wa kabila la Kuku. Maelezo hayo yakaingia hata katika jedwali la Katiba ya Uganda ya mwaka 1995. Hebu tafakarini. Mto unaonekana kwa macho, lakini mwisho wa kabila ni wapi? Watu hulima, huoa kwa jirani, huhama wakati wa vita na kurudi wakati wa amani. Mwezi wa Septemba 2014 Wamadi wa Moyo na Wakuku wa Kajo Keji walipigana kwa ajili ya ardhi ya mpakani. Watu walikufa, na nyumba zikachomwa.

Viongozi wa Afrika walikutana Cairo mwaka 1964 wakakubaliana kuiheshimu mipaka waliyoikuta wakati wa uhuru. Ilikuwa na hekima yake, kwa sababu kila kabila lingetaka kuchora upya, damu isingekauka. Lakini mpaka wa serikali haujibu swali la shamba. Serikali inaweza kusimamisha nguzo ya saruji ikasema hapa ni Uganda na pale ni Sudan Kusini. Shamba hili ni la nani, hilo linajulikana kwa ushahidi wa watu. Na hapo ndipo dini inapotuuliza sisi.

Mtume (s.a.w.), katika hadithi aliyoipokea Said bin Zayd na kupokewa na Bukhari na Muslim, ametuonya kwamba mwenye kuchukua shibiri moja ya ardhi kwa dhulma atavishwa shingoni ardhi hiyo mpaka tabaka saba siku ya Kiyama. Shibiri ni kiganja kimoja kilichokunjuliwa. Mtume hakutaja eka, wala kijiji, wala wilaya. Na hakusema kwamba aliyedhulumiwa lazima awe wa kabila lako au awe na kitambulisho cha nchi yako.

Sasa nitawaambia habari yangu mwenyewe, nanyi mnisamehe.

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani. Karibu na shamba letu pana kipande kinachoteremka hadi kijito. Mwaka 1980, baada ya kuanguka kwa Amin, askari walipoingia West Nile na kulipiza kisasi kwa raia, watu wetu walikimbilia Sudan na Zaire kwa maelfu. Sisi tulirudi mapema. Jirani zetu walikawia ng'ambo, wazee wao wakafia huko. Sasa wajukuu wao wamerudi na wanataka kulima. Baba mdogo akaniita akasema, "Mwanangu, wewe ndiwe msomi wetu. Tuandikie maelezo ya kupeleka kwenye kamati ya ardhi, tupate hati ya umiliki wa kimila. Andika kwamba letu linafika kijitoni. Hao ni watu wa Kongo."

Nikaandika. Niliandika vizuri, kwa Kiingereza safi, nikataja Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998, nikaambatanisha ramani niliyoipima kwa simu. Jioni nikamsomea bibi yangu, nikimfasiria kwa Kikakwa, nikitarajia anisifu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na mkwaju umeuandika?"

Mkwaju ulikatwa zamani, lakini kisiki chake kipo, na hakuna mtu mzima kijijini asiyejua kwamba ndio ulikuwa mpaka wetu na wao. Kutoka kisikini hadi kijitoni ni mwendo wa dakika mbili. Nilikijua kisiki kile tangu utotoni. Nilikuwa nimekiacha kwa makusudi.

Bibi hakunigombeza. Alisema tu kwamba alipokimbilia Zaire akiwa na baba yangu mgongoni, waliompa mahali pa kupanda mihogo walikuwa jamaa wa watu hawa hawa.

Ndugu zangu, usiku ule nilikumbuka hadithi ya Ummu Salama (r.a.), ambayo nilikuwa nimeihifadhi na kuisomea darsa. Watu wawili walimwendea Mtume wakigombea urithi wa zamani, na hakuna aliyekuwa na ushahidi. Akawaambia kwamba yeye ni binadamu, na huenda mmoja wao akawa hodari wa kujieleza kuliko mwenzake, naye akamhukumia kwa anayoyasikia. Basi atakayepewa haki ya nduguye asiichukue, kwani ni kipande cha moto alichokatiwa. Wale wawili wakalia, kila mmoja akasema haki yangu ni ya ndugu yangu. Mtume akawaamuru wagawane kwa uadilifu, wapige kura, kisha wasameheane.

Hodari wa kujieleza ni nani kijijini leo? Ni wewe na mimi. Ni yule aliyepelekwa chuo kwa mihogo na tumbaku ya jamaa zake. Wanatuomba kalamu yetu, na kukataa ni kugumu, kwa sababu ada yetu imetoka mikononi mwao. Lakini Allah ameamrisha katika Suratun Nisaa, aya ya 135, tusimamie uadilifu na tutoe ushahidi kwa ajili Yake, hata ukiwa dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu.

Asubuhi nilimwambia baba mdogo kwamba siwezi kuyapeleka maelezo yale. Alikasirika. Alisema chuo kimenifundisha kuwapa watu wa Kongo ardhi ya baba yangu. Nilimjibu kwa adabu, nikaandika upya na kuutaja mkwaju. Mpaka leo salamu zangu hazipokei vizuri. Imamu wetu na wazee wa pande zote mbili wameahidi kukaa pamoja pale kisikini baada ya mavuno, na nimeomba niwepo. Sijui wataamua nini. Najua tu kwamba karatasi ya uongo yenye jina langu haitakuwa mezani.

Haya ndiyo ninayojiusia na kuwausia. Ukienda likizo, waulize wazee mipaka ya zamani wangali hai, uwaulize wa kwenu na wa jirani, uandike yote mawili. Usimwite mtu mgeni kwa sababu tu babu yake alilala upande wa pili wa mto Kaya. Pasipo ushahidi, tafuteni sulhu kabla ya mahakama. Na wakimbizi waliokuja West Nile kutoka Sudan Kusini na Kongo wanapoomba mahali pa kupanda mboga, kumbuka ni nani alitupa sisi mwaka 1980.

Tunamwomba Allah azilainishe nyoyo za wazee wetu, atutakasie kalamu zetu, na asitukutanishe Naye siku ya Kiyama tukiwa na ardhi ya jirani shingoni. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.