Dhana Mbaya Itokanayo na Senema



Mwaka 2019 ilitoka Marekani filamu iitwayo Joker, ikaenea dunia nzima. Ndani yake mna fukara mwenye maradhi ya akili: akadhihakiwa, akakatiwa matibabu, mwisho akawa muuaji, na mji ukaingia katika fujo. Filamu hiyo imesema kweli juu ya wenye mali wasiojali, lakini imefunga pamoja ugonjwa, ufukara na damu.

Hapo ndipo yatupasa kutahadhari. Wataalamu wamethibitisha kuwa mgonjwa wa akili mara nyingi zaidi hudhulumiwa kuliko kudhulumu. Na sisi watu wa pwani, ni wangapi waijuao Kibera au Kawangware ila kwa picha za wezi na bastola? Kibera wapo ndugu zetu Wanubi, wakiswali huko tangu zama za babu zao; na ubavuni mwake upo uwanja wa gofu. Kawangware nayo imepakana na majumba ya Lavington. Bwana Mtume (s.a.w.) ametuonya tusishibe na hali jirani ana njaa; basi wa kuulizwa kwanza ni aliyeshiba.

Katika Suratul Hujurat, Mwenyezi Mungu ametukataza dhana mbaya, na sharia imemwondolea mwendawazimu dhambi mpaka apate akili. Basi mwenye mgonjwa nyumbani asimfiche kwa kuona haya, wala asimfunge minyororo. Ampeleke kwa tabibu. Nasi majirani tumzuru kama tumzuruvyo mwenye homa.

Mwenyezi Mungu atuongoze. Amin.