Vyombo Vikuukuu Nyumbani mwa Mkatekumeni



Hutokea katika vijiji vya kandokando ya mji wa Goma kwamba mtu amekwisha kufundishwa dini, azijua sala na amri za Mungu, mwenendo wake ni mwema, na Pasaka yakaribia. Hapo amwambia mwalimu wake: "Mwalimu, uniache kwanza, nyumba yangu haijawa tayari." Nyumba ina kasoro gani? Haina kabati, haina viti vya kukalisha wageni wa sikukuu, haina maua ya plastiki kama yale ya jirani. Hivyo Ubatizo wacheleweshwa kwa ajili ya kabati! Mwingine hukopa fedha, hufurahi siku moja, kisha watoto hulala njaa miezi mingi kwa sababu ya deni.

Bwana Yezu hakudai nyumba ya namna hiyo. Kule Kana ilikuwapo mitungi sita ya mawe, nayo haikuwa ya divai bali ya maji ya kujitakasa, kufuata desturi ya Wayahudi. Bwana hakuagiza mitungi mipya. Aliamuru ileile ijazwe maji, na humo ikapatikana divai njema kuliko ya kwanza. Tena, alipokwisha kuwalisha watu 5,000, alitaka mabaki yakusanywe, vikajaa vikapu 12. Awezaye kuzidisha mikate hakupenda makombo yapotee.

Watu wa Goma wanalo somo lao wenyewe. Tarehe 17 Januari 2002, siku ambayo Kanisa lamkumbuka Mtakatifu Antoni Abati, aliyegawa mali yake akaenda kukaa jangwani, mlima Nyiragongo ulipasuka. Moto wa mawe yaliyoyeyuka ulipita katikati ya mji hata ukaingia ziwani Kivu. Watu zaidi ya 100,000 walikosa makao, na hata kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu liliharibiwa. Waliokimbia na kitanda kichwani na mtoto mgongoni walirudi wakakuta mwamba mweusi mahali pa nyumba zao. Basi wakatwaa nyundo. Waliyapasua mawe yale yale, wakajengea misingi na kuta za nyua, na wengine wakayapanga kuzunguka maua mbele ya mlango. Jiwe lililokula nyumba likawa pambo la nyumba. Mlima ukatema moto tena tarehe 22 Mei 2021, usiku wa kuamkia Pentekoste, na wengi upande wa kaskazini wa mji wakaanza upya. Watu waliokwisha kuona hayo hawana haja ya kufundishwa na wageni kwamba kitu kilichoharibika chaweza kupewa kazi mpya. Hata chukudu, ambayo hubeba viazi na makaa barabarani, magurudumu yake ya mti huvikwa mpira wa tairi lililochakaa.

Basi mama wa nyumba na atazame pembeni mwa jiko lake. Debe la mafuta lililokwisha lafaa kupandwa maua: kingo zake kali zikunjwe ndani kwa nyundo, chini litobolewe, kisha litiwe udongo. Lisipotobolewa, maji yatatuama, mbu watazaliana humo, na pambo litaleta malaria. Chungu kilichomeguka mdomo hakitapika tena, lakini kikipinduliwa ni kiti kizuri cha sanamu ya Bikira Maria. Kikwembe kilichochakaa katikati bado kina pindo zima. Likikatwa na kushonwa vema, latosha kutandikwa mahali pa sala. Ungo uliotoboka hutundikwa ukutani, na msalaba juu yake. Nyumba nyingi huko ni za mbao, kwa hiyo mshumaa usisimamishwe juu ya ubao mtupu, ila ndani ya kopo lenye mchanga.

Lakini kopo lililokuwa na dawa ya kuua wadudu lisiingizwe nyumbani kamwe, hata likioshwa mara kumi. Na kwa kuwa vita vimepita katika nchi hiyo mara nyingi, chuma kigeni kionekanacho shambani kisiguswe wala kupigwa nyundo, hata kiking'aa namna gani. Watoto waondolewe mahali pale, na wakubwa wa kijiji wapewe habari.

Yupo pia asemaye: "Mimi nami nimegeuza. Pembe ile ya mganga sasa ni pambo tu ukutani." Mwalimu na amwulize neno moja: "Baba, mtoto akishikwa na homa usiku, macho yako yatakwenda wapi kwanza?" Yakienda kwenye pembe, hilo si pambo. Na liondolewe. Wengine, kinyume chake, hutupa hata kibuyu cha maziwa cha bibi, na kinu, na mkeka, wakidhani vitu vya wazee vyote ni vya shetani. Huo si uchaji, ni ujinga. Mtakatifu Benedikto, katika karne ya 6, alimwagiza mtunza ghala wa monasteri avitazame vyombo vyote vya nyumba kana kwamba ni vyombo vitakatifu vya altare. Hakusema vile vipya tu.

Paulo naye alikuwa chombo kilichotumika vibaya. Aliwatesa Wakristu kwa bidii kubwa. Bwana hakumvunja ili atafute mwingine, bali alimwita chombo chake kiteule, na bidii ile ile ikatembea miji mingi kuhubiri Injili. Mkatekumeni aombaye aachwe mpaka nyumba itengenezwe hajaona bado kwamba anayetengenezwa ni yeye.

Padri ajapo kubariki nyumba hatauliza kabati. Ataomba maji kidogo na mahali safi pa kuyaweka. Kikombe kilichokatika mkono, kikiwa kimesuguliwa kwa majivu, kitatosha.