Maadili ya Kutazama Magofu

Mtalii aingiaye Gedi hulipa kiingilio, akaonyeshwa msikiti mkuu na jumba la mfalme, akapiga picha, akaenda zake. Katika Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir naye autembeza moyo wake magofuni Pate. Ila hauachi ubaki salama: lililowafika wenye majumba yale launyemelea nao. Hapo mshairi amemzidi mtalii kimaadili. Hata hivyo, ubora huo una doa. Watumishi wamo utenzini, wakiwapepea mabwana zao, lakini msiba unaoliliwa ni wa mabwana. Gedi nayo, iliyotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024, imehifadhi mawe; nyumba za udongo za wanyonge zimeyeyuka, wala hakuna anayezipiga picha.