Kikaragosi na Kibaraka

Katika siasa zetu, kumwita mtu kikaragosi ni kumvua utu: hana nia yake, upo mkono nyuma yake unaomchezesha. Niliitwa hivyo na mwenzangu mmoja, nusu kwa mzaha, miaka niliyokuwa Guangzhou nikiandika tasnifu kwa ufadhili wa Wachina. Sikumjibu. Ila tusi lile lilinipeleka, pengine kwa ukaidi tu, kutazama maonyesho ya kundi la vikaragosi la Mkoa wa Guangdong, lililoanzishwa mwaka 1956. Nilitaka kumwona huyo niliyefananishwa naye.

Vikaragosi vya huko ni vya vijiti. Kijiti kikuu hubeba kichwa na kiwiliwili, vingine viwili huongoza mikono, na mchezeshaji hukiinua chote juu ya kichwa chake mpaka bega limuume. Sikuona utumwa pale. Mti una uzito wake na masharti yake. Mkono mrefu wa vazi la hariri huchelewa kidogo kukifuata kiwiko, na mchezeshaji hana budi kuungoja. Heinrich von Kleist aliligusa jambo hili katika insha yake ya mwaka 1810: anayechezesha lazima ajihamishie katika kitovu cha uzito wa kile anachokichezesha, yaani naye acheze. Nani basi anamwamuru nani?

Wachina wana kisa kikongwe zaidi, katika kitabu cha Liezi. Fundi Yan Shi alimletea Mfalme Mu sanamu iliyoimba na kucheza, hata ikawakonyeza masuria wake. Mfalme akaghadhibika. Fundi, kwa kuokoa roho yake, akaipasua: ngozi, mbao, gundi na rangi. Moyo ulipoondolewa, kinywa kikanyamaza. Ini lilipoondolewa, macho yakapofuka. Hasira ya mfalme ikageuka kuwa furaha. Ajabu ni kwamba alifurahi baada ya kuonyeshwa udanganyifu wenyewe, si kabla.

Hapo ndipo, kwa maoni yangu, ulipo uhai wa sanaa hii. Mtazamaji anajua upo mkono. Hata pale mchezeshaji anapojificha nyuma ya pazia, hakuna aliyenunua tiketi akidhani mti unajiendea. Tunaukopesha uhai wetu kwa hiari, macho yakiwa wazi. Kibaraka hutaka kinyume chake: mkono usijulikane, sauti idhaniwe ni yake. Lugha yetu imekosea kuyafanya maneno haya mawili kuwa ndugu.

Gado, mchoraji vibonzo mzaliwa wa Dar es Salaam, alilitumia pengo hilo vizuri kuanzia mwaka 2009, alipowaleta wanasiasa wa Kenya kwenye televisheni wakiwa vikaragosi vya mpira katika *The XYZ Show*. Wakubwa walichezeshwa hadharani, na raia aliyezoea kusikia hotuba akapata nafasi ya kuuliza ni nani huwachezesha siku nyingine zote.

Swali hilo nilirudi nalo chumbani. Tasnifu yangu ina ukurasa wa shukrani, na mfadhili ametajwa humo kwa jina na kwa heshima zote. Mkono umeonyeshwa. Lakini haina ukurasa unaotaja maswali niliyoyaacha bila mtu kunikataza.