Namba ya Omo na Namba ya Tezi

Kisa hiki ni cha kutunga, ila sheria zilizomo ni za kweli, na mtu wa Florida anaweza kukutana nazo kesho asubuhi.

Mtu mmoja wa Lamu, fundi wa viyoyozi mjini Tampa, alibaki na hamu moja tu tangu ahamie Marekani: kuwa na chombo chake mwenyewe. Baba yake alikuwa nahodha, naye amekua akilala juu ya matanga. Alipoona tangazo la boti ya faiba ya futi 18, mashine nyuma na trela chini, kwa bei ambayo wengine huitoa kwa mashine peke yake, hakulala. Siku ya pili alikuwa uani kwa muuzaji, akigonga ubavu wa boti kwa kidole na kusikiliza mlio wake kama alivyofunzwa kwao. Ubavu ulikuwa mzima. Mashine ikawaka mara ya kwanza.

Shemeji yake, aliyemsindikiza, hajui hata kufunga fundo. Ila aliuliza swali moja.

"Shemeji, hati ya umiliki iko wapi?"

Muuzaji akasema imepotea wakati wa kuhama nyumba, lakini namba hizo hapo omo, na stika ya usajili hiyo, bado hai hadi mwakani. Akaandika risiti kwenye karatasi ya daftari.

"Shemeji, tungoje basi aombe hati nyingine. Rahisi huvunja upishi."

"Wewe umezaliwa Nairobi," akajibiwa, "utanifundisha mimi chombo?"

Pesa zikatoka.

Hapa inafaa kueleza kilichokuwa kikiuzwa na ambacho hakikuuzwa. Florida, kila boti yenye mashine inayotumika kwenye maji ya umma lazima iwe na hati ya umiliki na isajiliwe. Vyombo vinavyosamehewa ni vichache: mitumbwi na kayaki zisizo na mashine, na vyombo vingine visivyo na mashine vilivyo chini ya futi 16. Funga hata kimota kidogo cha umeme kwenye mtumbwi wako, msamaha umekwisha. Mnunuzi hupewa siku 30 tangu siku ya kununua aende ofisi ya mkusanya kodi wa kaunti, na ndani ya siku hizo anaweza kuingia majini mradi awe na uthibitisho wa tarehe ya ununuzi ndani ya boti. Zikipita, kuendesha boti isiyosajiliwa ni kosa la jinai, dogo kwa daraja, lakini jinai. Kwa mtu ambaye makaratasi yake ya uhamiaji bado yako mezani kwa watu, neno hilo si dogo hata kidogo.

Na ile stika? Usajili wa Florida humalizika siku ya kuzaliwa ya mwenye boti. Kwa hiyo tarehe iliyomtuliza fundi wetu ilikuwa ya mtu mwingine kabisa, wala haikumlinda yeye. Yeye akaiona bado mbali, akaenda kuvua Jumamosi baada ya Jumamosi katika Ghuba ya Tampa, siku 30 zikapita, akasema atakwenda ofisini akipata nafasi.

Nafasi ilimfuata gatini. Alikuwa akivuta boti kuipandisha kwenye trela pale mmoja wa maafisa wa samaki na wanyamapori wa jimbo, ambao ndio polisi wa majini huko, alipomwomba cheti cha usajili. Fundi akatoa risiti ya daftari. Afisa akasoma tarehe, akasoma namba za omo: herufi FL, tarakimu nne, herufi mbili, kila moja na kimo cha inchi 3 kama sheria inavyotaka. Akaziita kwenye redio. Jibu likarudi kwamba namba hizo ni za boti ya alumini ya futi 14.

Ndipo afisa akazunguka nyuma. Namba ya omo ni ya kubandika, na kinachobandikwa hubanduka. Boti zilizotengenezwa Marekani tangu Novemba 1972 zina namba nyingine ya herufi na tarakimu 12, iliyotiwa na kiwanda upande wa kulia wa tezi, inayoeleza nani aliiunda boti, ni ya ngapi, na lini. Pale palipostahili kuwa na namba hiyo palikuwa na kiraka cha rangi nyeupe, nyeupe kuliko faiba iliyokizunguka, na ukipitisha kidole unahisi bonde jepesi lililoachwa na msasa. Mtoto wa nahodha alikuwa amegonga ubavu wote wa chombo hicho, na pahala hapo hakupagusa.

Aliyepiga msasa alisahau, au hakujua, kwamba tangu 1984 viwanda vinatakiwa kuificha namba hiyohiyo mahali pa pili ndani ya boti. Ikapatikana chini ya kifuniko cha chuma. Boti ilikuwa imeripotiwa kuibwa katika kaunti nyingine.

Fundi hakufungwa, ilionekana wazi kwamba naye kaibiwa. Ila boti ilichukuliwa, shtaka la usajili likabaki, na simu ya muuzaji haikupokelewa tena.

Watu husema makaratasi haya ni njia ya serikali kukamua pesa za wapenda bahari. Ada ipo, sibishi. Lakini swali la shemeji lilikuwa la bure, na karani wa kaunti angegundua kwa dakika chache kile kilichogharimu akiba ya mtu. Wewe unayetaka boti ya mkono wa pili huko, usitoe hata dola ya kishika uchumba kabla hujaisoma namba ya tezi na kuilinganisha na hati. Kisha mwambie muuzaji mkamalizie malipo mbele ya karani. Akikataa kwenda, mwache na boti yake.