Je, Tahadhari Isiyotumika Ni Hasara?

Watu wengi husifu tahadhari baada ya hatari kutokea, lakini ni wachache waisifuo hatari inapopita mbali. Mtu aliyevuta chombo chake pwani, akafunga madirisha, akaweka akiba ya chakula, kisha akaamka asubuhi akaona jua linang'aa, huchekwa kuwa mwoga. Msomaji, yafaa tujiulize: je, mtu huyo amepata hasara? Au mcheko wa jirani zake ndio ulio na kosa?

Ukiwa mkazi wa Thika au Ruiru, huenda ukasema kuwa swali hili ni la watu wa bahari. Kwetu hakuna jahazi wala nanga, na vimbunga havipandi milima. Ni kweli, walakini tazama mito yetu. Chania hukutana na Thika katika mji wa Thika, na maji yao huingia katika Tana, yakamwagika baharini karibu na Kipini. Maji ya Ruiru huufuata mto Athi, ambao huko chini huitwa Galana na Sabaki, yakafika baharini kaskazini ya Malindi. Mvua ni moja. Pwani huja na upepo, na kwetu huja na mto uliofurika. Hatari imebadili vazi tu.

Historia ina fundisho kubwa juu ya jambo hili. Watu wa Unguja walidhani kuwa kisiwa chao kimo nje ya njia ya vimbunga. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kilikuja. Meli za Sultani Barghash ziliangamia bandarini pamoja na vyombo vingi vya wafanya biashara, na sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya Unguja iling'olewa. Pemba iliponea chupuchupu, na baadaye ikawa mama wa karafuu. Wazee hawakuwa wajinga. Walipima kesho kwa kipimo cha jana. Lakini kumbukumbu ya mwanadamu ni fupi, na jambo lisilokumbukwa na mtu si jambo lisilowezekana.

Sasa tazama upande wa pili. Mwanzoni mwa Mei 2024 habari zilienea kuwa kimbunga Hidaya kinakaribia. Vyombo vya abiria baina ya Dar es Salaam na Unguja vilizuiwa kusafiri, na wavuvi walionywa wasiende baharini. Tarehe 4 Mei kimbunga kilifika Mafia, kikapoteza nguvu upesi kilipogusa nchi kavu. Mvua yake ilikata barabara kuu ya kwenda Lindi, lakini pwani ya Kenya haikupata maangamizi yaliyohofiwa. Mtu wa pupa aweza kusema, "Mnaona? Tulitishwa bure." Lakini mtu huyo na akumbuke kuwa katika majira yale yale ya masika, mafuriko yaliua karibu watu 300 katika Kenya. Huko Mai Mahiu maji yaliwakuta watu usiku wa kuamkia 29 Aprili, wengi wao wakiwa vitandani. Hakuna aliyecheka huko.

Uamuzi hupimwa kwa yale yaliyoweza kujulikana ulipofanywa. Matokeo hayawezi kuwa kipimo chake. Aliyefunga mlango hakukosea kwa sababu mwizi hakuja. Weka katika mizani gharama ndogo iliyo hakika, na msiba mkubwa uwezao kutokea. Kuzibua mtaro, kuinua magunia ya unga, kuweka vyeti na hati za shamba mahali pa juu, ni kazi ya nusu siku. Mto ukishaingia ndani, kazi ya miaka kumi hupotea kwa saa moja.

Hata hivyo, tusihukumu kwa wepesi. Gharama ndogo kwa tajiri ni kubwa kwa maskini. Mvuvi akiambiwa asitweke tanga leo, watoto wake huenda wakalala na njaa leo hii. Mtu aliyepanga chumba kando ya mto hakukipenda kishindo cha maji; alikwenda huko kwa sababu kodi ya mahali pa juu ilimshinda. Ukimwambia "Hama", nawe humwonyeshi pa kwenda, hujampa tahadhari. Umempa hofu tu. Basi onyo lililo kamili lina nusu mbili: neno la kweli, na mkono wa msaada. Serikali ina wajibu wake katika nusu hizo, na jirani ana wake.

Tena kuna tahadhari iliyo na choyo. Mtu aweza kuinua ukuta wake hata maji yakageukia nyumba ya mwenziwe, au kusafisha ua wake kwa kutupa taka katika mtaro wa wote. Mtu huyo amejikinga yeye, lakini hakupunguza hatari, ameihamisha. Walio juu ya mto wana deni kwa walio chini yake, na sisi wa Thika na Ruiru tu juu ya watu wengi kuliko tunavyodhani, hata Kipini na Malindi.

Kijana usomaye, mvua ijayo ikitangazwa, usiulize kwanza kama utabiri utatimia. Uliza ni nani katika mtaa wako hakusikia, ni mzee gani hawezi kubeba godoro lake, ni mtaro gani umeziba. Kisha fanya uwezalo. Mawingu yakipita bila dhara, mtaro utakuwa umesafishwa, mzee atakuwa amejua kuwa ana jirani, nawe utakuwa umejifunza njia ya kufika mlangoni kwake hata gizani. Tahadhari iliyofanywa kwa ajili ya watu wote haipotei kwa sababu dhoruba haikufika. Huacha faida yake mtaani, ikingojea siku itakayohitajiwa. Nayo siku hiyo haina desturi ya kupiga hodi.