Subira Si Kujifanya Jiwe

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu Waislamu, katika darasa letu la baina ya Magharibi na Isha tuliletewa suala kutoka upande wa akina mama. Mwenye kuuliza ni muuguzi wa hospitali. Alisema kwamba alipoanza kazi alikuwa akilia kila alipofiwa na mgonjwa, na watu wakimwambia kuwa imani yake ni chache. Sasa halii tena. Humfunika shuka mtoto aliyekata roho, akaosha mikono, akaenda kitanda cha pili. Na arudipo nyumbani hana neno la kumwambia mumewe wala wanawe. Akatuuliza: "Je, hii ndiyo subira niliyoambiwa?"

La hasha! Hiyo si subira. Huo ni moyo uliochoka mpaka ukafa ganzi.

Nabii Yaakub (a.s.) alimlilia Yusuf mpaka macho yake yakawa meupe kwa huzuni, wala hakutoka katika wenye kusubiri, kwani mashtaka yake aliyapeleka kwa Mola wake. Mtume wetu (s.a.w.) alipofiwa na mwanawe Ibrahim alitokwa na machozi, na Abdurrahman bin Auf alipostaajabu, alimfahamisha kwamba hiyo ni rehema. Basi sisi ni nani hata tumlaumu muuguzi kwa rehema aliyotiwa moyoni?

Na wataalamu wa zama zetu wamelitambua jambo hili. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba uchovu wa namna hii si ugonjwa, bali ni hali iletwayo na mashaka ya kazi ya muda mrefu yasiyotengenezwa. Alama zake ni tatu: nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi, na mtu kujiona hafanyi tena la maana. Walakini baadhi yetu wakiona alama hizo husema, "Ana jini huyu," akapelekwa kwa mganga, akavishwa hirizi, na mshahara wake ukaliwa. Je, ni jini aliyemwacha peke yake usiku kucha na wadi iliyojaa?

Tutazameni kisa cha Salman na Abu Dardaa, ambao Mtume (s.a.w.) aliwaunganisha udugu. Salman alimzuru nduguye, akaona mkewe hajitengenezi, kwa kuwa mumewe amezama katika saumu na sala za usiku. Salman akamzuia, akamwambia kuwa Mola wake ana haki juu yake, na nafsi yake ina haki, na ahali yake wana haki. Mtume alipopata habari alisema kuwa Salman amesema kweli. Ikiwa ibada yenyewe haikuachiwa kula haki ya nafsi, itakuwaje kazi ya mshahara?

Wala Abu Dardaa hakujiokoa mwenyewe. Aliokolewa na nduguye aliyeingia nyumbani akaona. Hapo ndipo penye wajibu wetu. Mume na awapokee watoto mkewe atokapo zamu ya usiku. Majirani wasimwamshe kumwuliza dawa. Mwenye kuajiri asimnyime siku yake ya kupumzika, kwani ni haki wala si hisani. Naye muuguzi amwambie mwenzake lililomo moyoni. Na akiona usingizi umemtoka, au nafsi yamwambia kufa ni bora, aende upesi kwa tabibu wa maradhi ya akili, bila ya haya. Kutafuta dawa hakupingani na kumtegemea Mungu.

Hayo ndiyo tuliyomjibu yule mama. Akalia, nasi tukamhimidi Mwenyezi Mungu kwa machozi yale.

Ewe Mola wetu, walaze kwa raha wanaokesha na wagonjwa wetu, na utupe sisi macho ya kuwaona. Amin.